Fundi Mjaka na Mashine ya Mshipi

Masoud dalali aliingia dukani kwa Fundi Mjaka na kofia kichwani, akatoka nayo mkononi imetoboka, na kwa wiki nzima watu wa Mkunazini, mjini Unguja, hawakuwa na habari nyingine ya kusimuliana.

Ulikuwa mwanzo wa mwaka wa sitini na tisa. Masoud alikuwa akinadi vitu vilivyosalia katika nyumba za watu walioondoka baada ya Mapinduzi: vioo vya ukutani, vitanda vya chuma, vitabu vilivyoliwa na mchwa mpaka vikabaki majalada. Asubuhi ile alileta kikapu, na ndani yake mlikuwa na kidude cha mviringo cha chuma cheusi, upana wake kisahani cha kikombe cha chai, unene wake vidole viwili. Ubavuni kilikuwa na ulimi wa chuma uliochomoza nje, na mdomoni mwake ulitokeza mshipi wa kijani, mnene kuliko mshipi wowote aliopata kuuona Mjaka. Mwisho wa mshipi palikuwa na uzi mwembamba usioonekana vizuri, na mwisho wa uzi ndoano ndogo iliyofungwa manyoya mekundu.

"Saa hii, fundi," Masoud alisema bila hata kupepesa macho. "Ila akrabu zake zimepotea."

Mjaka alikiweka sikioni. Kimya. Akakigeuza, akakinusa, maana fundi huyu alikuwa na tabia ya kunusa kila kitu kabla ya kukifungua. Wakati huo Masoud, mtu wa mikono isiyotulia, aliushika ule mshipi akauvuta mpaka mlangoni aone urefu wake, na kidude kikalia kriii, kriii, kriii. Alipofika kizingitini aliitundika ndoano kwenye kofia yake apate kufuta jasho. Mjaka naye, kwa kutaka kujua tu, akaubonyeza ule ulimi.

Lo! Mshipi ulirudi mbio kama umeitwa. Kofia ilimtoka Masoud kichwani, ikaruka juu ya meza, ikaangusha saa tatu za wateja, ikaja kujibandika mdomoni mwa kidude. Masoud alibaki amejishika upara. Mjaka alicheka mpaka akashika meza asianguke, kisha akapiga ukelele:

"Kina kamani! Masoud, kina kamani ndani!"

Kamani, ule utepe wa chuma unaojikunja tumboni mwa saa na kuiendesha, ndicho kitu alichokipenda Mjaka kuliko vyote vilivyotengenezwa na binadamu. Hakuuliza zaidi. Alikubali kuitengeneza saa ya ukutani ya nyumbani kwa Masoud iliyokuwa imesimama tangu Ramadhani, na Mwanakheri, mke wa Mjaka, baadaye akaishona ile kofia, na kidude kikawa cha fundi.

Inafaa mtu huyu ajulikane vizuri kabla hatujamfuata majini. Mjaka alizaliwa kisiwani Tumbatu, kwa watu ambao bahari kwao ni shamba, barabara na uwanja wa mpira. Alipokuwa na miaka mitatu alishikwa na homa, na homa ilipoondoka iliondoka na nguvu za mguu wa kushoto. Tangu hapo alitembelea mkongojo wa kwapani. Ndugu zake wawili, Simai na Bakar, walikuwa wavuvi, na baba yao alikuwa mvuvi, na hata paka wao, wakisema watani, alikuwa na chombo chake.

Katika ukoo wao kulikuwa na desturi moja. Kijana akivua samaki wake wa kwanza, samaki wa kujaza chungu, aliyemvua miguu yake ikiwa baharini, humpelekea mama yake hivyo hivyo na magamba yake. Mama humpika, akawagawia majirani, na kuanzia siku hiyo mtoto huhesabiwa miongoni mwa watu. Simai alimleta wake ana miaka minane. Bakar tisa. Mjaka alijaribu. Mara ya kwanza walimpakia chomboni, akaangukia nyavu, chombo kikalala upande na nusura kizame. Mara ya pili alisimama majini pwani na mshipi wa mkono, lakini kila alipouvuta, mshipi ulioregea ulimzunguka miguu na mkongojo pamoja, akaanguka kifudifudi, na Bakar akamtoa kwa ukosi wa shati, Mjaka akitapika maji ya chumvi. Baba yake alimwonea huruma, akampeleka mjini kujifunza ufundi wa saa. Huruma ile ilimkaa Mjaka kooni miaka mingi.

Sasa alikuwa na miaka arubaini na moja. Mama yake, Bi Tabia, alikuwa amehamia Mkokotoni kwa Simai baada ya kufiwa na mume. Kila mwezi Mjaka alikwenda kumtazama, akampelekea sukari, kanga, mara moja hata redio. Bi Tabia alipokea kwa dua nyingi. Hakuwahi hata siku moja kutaja samaki. Na huko kutotaja ndiko kulikomuuma mwanawe, kwa sababu Bi Tabia alikuwa mwanamke wa kutaja kila kitu.

Hakuna aliyejua kile kidude ni nini hasa mpaka alipokuja Mzee Mabrouk wa Kiembe Samaki kuchukua saa yake ya kengele. Mabrouk alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja kwa miaka kumi na mitano. Alipokiona mezani alitupa bakora yake chini.

"Mashine ya Bwana!"

"Shikamoo, Mzee Mabrouk. Unaijua hii?"

"Marahaba. Nnaijua? Mie nlikuwa nnaibeba! Akenda likizo Kenya, huko milimani kwenye mito ya baridi, na mie nyuma yake na kikapu. Hii ya kuvulia samaki, bwana, inafungwa kwenye ufito mrefu. Anavua kwa manyoya."

"Kwa manyoya?"

"Manyoya, wallahi. Hatii chambo. Samaki anaona manyoya yanapita juu ya maji, anadhani mdudu, anadhani dagaa, anakuja mwenyewe. Na mshipi ukiregea, Bwana hauzongi kwa mkono, la! Anabonyeza hapa kwa kidole cha mwisho, fyuu, umeingia ndani. Miguuni hapabaki hata uzi mmoja."

Mjaka alisimama bila kuushika mkongojo, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Rudia hapo mwisho," alisema.

"Papi?"

"Pa miguuni."

Mzee Mabrouk akarudia, na Mjaka akayafuatisha maneno kwa midomo. Hapabaki hata uzi mmoja! Basi mtu angeweza kusimama majini, mkongojo kwapani, ufito mkono huu, mshipi mkono huu, na asizongwe miguu. Mtu kama yeye. Nani aliyekaa huko Ulaya akaifikiria shida yake?

Ufito wa mashine ile Masoud alikuwa ameshaupeleka kwa fundi cherehani mmoja, naye alikuwa akitundikia suti za harusi. Ilibidi kumbembeleza siku mbili. Ulipopatikana, vipande vitatu vinavyochomekana, Mzee Mabrouk alimchukua Mjaka mpaka uwanja wa Mnazi Mmoja, saa kumi alasiri, akamfundisha kupunga: ufito nyuma, subiri, ufito mbele, mshipi unanyooka hewani kisha unalala juu ya majani taratibu. Watu walijaa.

"Fundi anavua majani!" mmoja alipiga kelele.

"Muulizeni kapata nini!"

"Kapata mbuzi!"

Mjaka hakuwasikia. Kila alipobonyeza ulimi, mshipi ulikimbia kwenye majani na kuingia ndani ya mashine kwa sauti nyembamba, naye akacheka peke yake kama mtu aliyepewa habari ya kuzaliwa mtoto. Ndoano za manyoya alizifunga mwenyewe kwa kibano cha saa na kioo chake cha jichoni, na manyoya aliyapata kwa jogoo wa Mwanakheri.

"Baba Shemsa," Mwanakheri alimwambia siku ya tano, "jogoo wangu kabaki na unyoya mmoja wa mkia. Akiisha yeye utanikata nywele mimi?"

"Nywele zako nyeusi, samaki hawazioni," Mjaka alijibu, na mkewe akamtupia kitambaa cha jikoni.

Kuitengeneza mashine kwenyewe kulikuwa karamu. Alitandika kitambaa cheupe juu ya meza, akafunga mlango nusu ili wateja wajue wasimsumbue. Kwanza aliilegeza kamani mpaka ikaishiwa nguvu kabisa, maana aliwahi kufungua gramafoni iliyojaa na kamani ikaruka ikamchana nyusi. Kisha akafungua skrubu moja moja, akazipanga kwa mstari kadiri zilivyotoka. Ndani alikuta grisi ya zamani imeganda ikawa ngumu, na chumvi imeweka kutu ya kijani pembeni. Aliosha kila kipande kwa mafuta ya taa, akasugua meno ya magurudumu kwa brashi ya meno, akakausha. Kwenye mihimili alitia tone moja moja la mafuta ya saa, si zaidi, kwa sababu mafuta mengi hukamata mchanga. Kamani aliipaka grisi nyepesi, akaikunja upya polepole kwa kidole gumba huku ameuma ulimi. Alipoirudisha yote mashine ilizunguka bila kukwaruza hata kidogo. Aliibusu.

Halafu akafanya kosa, na lilikuwa kosa ambalo mvuvi asingelifanya hata kwa kulipwa. Aliiweka rafuni pamoja na saa.

Kila asubuhi kwa miaka ishirini na minne Mjaka alianza kazi kwa kuzitia ufunguo saa zote za dukani, moja moja, mpaka zijae. Kwake saa isiyojaa ilikuwa aibu ya nyumba. Basi mashine ilipokuwa pale, na juu yake kuna kigurudumu cha kuijazia kwa mkono, mkono wake ulikwenda wenyewe. Aliijaza mpaka ikagoma. Kesho yake akaangalia, akaongeza nusu mzunguko. Aliona fahari kuisikia ilivyokaza. Mzee Mabrouk alipofika wala hakuona kitu. Yeye alikuwa mpishi, na Bwana wake hakumruhusu kukigusa kigurudumu kile.

Mjaka alikwenda Mkokotoni siku ya Ijumaa, akalala kwa Simai, na asubuhi maji yalipoanza kujaa akaingia baharini mpaka magotini, mkongojo ameukita mchangani na kuuegemea kwa kwapa. Simai alikaa pwani akishona wavu, meno yote nje.

"Usije ukampiga mtu jicho na hicho kijiti!"

Mjaka alipunga. Mshipi ukanyooka. Manyoya ya jogoo yakagusa maji, akayavuta kidogo kidogo kwa mkono wa kushoto, na pale pale maji yakapasuka. Kolekole! Alimwona ubavu wake mweupe, samaki wa urefu wa mkono. Ufito ukainama. Mashine ikalia kriii, kriii, na baada ya pima mbili ikasema ka! Ikasimama. Kamani ilikuwa imejaa tangu Mkunazini, haikuwa na nafasi ya kupokea zaidi ya pima hizo mbili. Samaki alivuta, mashine haikutoa, uzi ukakatika kwa mlio mdogo.

Pwani Simai alikuwa amelala chali kwa kucheka.

"Saa yako imesimama saa ngapi, fundi?"

Mjaka alitoka majini ameinamisha kichwa. Simai alipoona kwamba nduguye hacheki, aliinuka akakaa, kisha akasema neno lililokuwa baya kuliko kicheko:

"Sikiliza, Mjaka. Hata ungempata, angekuwa kavuliwa na mtambo. Si wewe. Unabonyeza, kinavuta. Mama hawezi kuwagawia watu samaki wa mtambo akasema wa mwanangu."

"Kaka Simai, nyavu hazikusaidii?"

"Wavu nnauvuta mie. Nitazame mikono."

Mjaka alirudi mjini bila kuaga vizuri. Siku tatu alikaa mezani akitengeneza saa za watu bila hata kuimba, na Mwanakheri, aliyezoea kumkemea kwa kuimba, aliona nyumba imekuwa kubwa. Maneno ya Simai hayakumtoka.

Siku ya nne ilikuja saa ya mkononi ya mwalimu mmoja, imekwama. Mjaka alijaribu kuitia ufunguo, ikagoma. Ilikuwa imejaa mno. Mwalimu mwenyewe aliikaza kila alipopata wasiwasi. Mjaka akabaki ameishika. Akaitazama. Akaitazama mashine rafuni. Akainyakua, akavuta mshipi: pima mbili, ka! Akabonyeza, akailegeza kamani kwa kigurudumu cha juu mpaka ikabaki na mizunguko mitatu tu, akavuta tena. Mshipi ulitoka, ukatoka, akafika nao mlangoni, akatoka nao nje, akafika kwa muuza kahawa, na bado ulikuwa ukitoka.

"Samaki ndiye anayeitia ufunguo!" alipiga kelele uchochoroni, mkongojo umebaki ndani, amejishikilia ukutani. "Si mimi! Samaki mwenyewe akikimbia ndiye anayeijaza! Mwanakheri! Mwanakheri wee!"

Mwanakheri alitoka na mwiko mkononi akidhani nyumba inawaka moto. Muuza kahawa aliuliza samaki gani. Mjaka akamweleza kila kitu tangu kofia ya Masoud, na mtu yule akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kikombe chake kimepoa.

"Mara hii na mimi nnakwenda," Mwanakheri alisema jioni. "Jogoo wangu kavuliwa nguo kwa ajili ya samaki huyo. Nataka nimwone."

Walingoja bamvua, maji yanapojaa sana na samaki wanapofuata dagaa mpaka ukingoni mwa mikoko. Mjaka aliingia asubuhi ile akiwa hajaijaza mashine hata chembe, mizunguko mitatu tu ya kumezea mshipi ulioregea. Mwanakheri alisimama kwenye mchanga mkavu amejifunga kanga kiunoni. Simai alikuwa mbali kidogo, kwenye chombo chake kilichopandishwa, akijidai hatazami.

Mara ya kwanza alipunga, hakuna. Akavuta mshipi kwa mkono wa kushoto, akabonyeza kwa kidole cha mwisho, fyuu, maji yaliyozunguka miguu yake yakabaki matupu. Mara ya pili, hakuna. Mara ya tatu dagaa waliruka wote kwa pamoja, maji yakachemka, na Mjaka akayatupa manyoya katikati yao.

Ilikuwa kama mtu ameufunga mshipi kwenye gari la moshi. Kriiiiii! Mashine ilipiga kelele, mshipi ukatoka, ukatoka, na kamani ikaanza kujaa kwa nguvu za samaki mwenyewe. Mjaka aliisikia kwa vidole. Miaka ishirini na minne alikuwa akisikia kamani zikijaa, na hii aliijua kama anavyojua sauti ya mkewe: nusu, robo tatu, karibu. Ikifika mwisho itafunga, na uzi utakatika tena.

"Inajaa!" alimlilia Mwanakheri, kana kwamba yeye angeweza kufanya kitu.

"Mfuate!" Mwanakheri alijibu kwa sauti ya kuamsha kijiji. "Nenda naye! Tembea!"

Mjaka aliung'oa mkongojo mchangani akatembea. Maji yalifika mapajani. Hakuwahi kwenda mbele baharini peke yake tangu azaliwe. Hatua tatu, nne, saba, na mshipi ukapata nafasi. Akaubana kwa vidole vya mkono wa kushoto ili samaki achoke kuukimbiza. Mshipi ukapita katikati ya vidole ukiunguza, ukaingia nyamani. Hakuuachia.

Samaki alisimama. Mjaka akabonyeza ulimi kwa furaha, akingoja mtambo umlete. Mtambo haukumleta. Ulimeza kipande kilichoregea, kisha ukatulia, hauna nguvu hata ya kusogeza kichwa cha kolekole. Hapo ndipo alipoelewa, na akacheka kwa sauti katikati ya bahari. Kamani haimvuti samaki! Kamani inafagia tu. Anayevuta ni mtu.

Basi akavuta. Alivuta pima kwa mkono, akabonyeza, mashine ikameza ulioregea. Akavuta pima nyingine, akabonyeza. Samaki akakimbia tena, akamnyang'anya zote. Akaanza upya. Damu ilimchirizika kwenye mshipi wa kijani. Mguu wa kushoto ulikuwa ukitetemeka, kwapa linawaka moto, na Mwanakheri alikuwa ameshaingia majini na nguo zake akipiga makofi. Mara ya nne samaki alilala ubavu. Mjaka alimkokota mpaka mchangani, akamwangukia kwa kifua chake chote asije akarudi.

Alikuwa kolekole, mpana, mzito, wa kujaza chungu na kifuniko.

Simai alikuwa ameshafika. Alimtazama samaki, akamtazama nduguye aliyejaa mchanga mpaka mdomoni, na kitu kikamcheza usoni. Lakini Simai alikuwa mtu wa kushika neno lake hata likiwa limeshaoza.

"Mzuri," alisema. "Mtambo wako mzuri."

Mjaka aliomba maji baridi ya kisima, akaisuuza mashine kwanza itoke chumvi na mchanga, akailegeza kamani, akaifuta, akaifunga kitambaa. Kisha akamchukua samaki kwa matamvua, akenda naye kwa mama yake, na wenzake wawili nyuma.

Bi Tabia alikuwa uani akipepeta mchele. Aliona kivuli mlangoni, akainua uso. Ungo ulisita mikononi mwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyo nani kavua?"

"Mimi, mama."

Simai alikohoa. "Kavua kwa mashine, mama. Ina kamani ndani kama ya saa. Nnasema tu, ijulikane. Unabonyeza, inavuta yenyewe."

Mjaka alifungua mdomo aeleze habari ya kamani inayofagia, ya pima na mizunguko, lakini mama hakumngoja. Bi Tabia aliweka ungo chini. Alikuja akamtazama samaki, lakini si kwa muda. Aliushika mkono wa kushoto wa mwanawe, akaufungua kama mtu anayefungua barua. Kwenye kidole cha shahada, chini ya fundo la kwanza, palikuwa na mkato mwembamba, mrefu, umekwenda upande, na damu yake bado mbichi. Aliupitisha kidole chake juu ya mkato. Alikuwa amewaosha watu watatu, mume na wana wawili, mikato kama hiyo, mahali hapo hapo, kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, tangu siku aliyoolewa.

Mjaka aliona midomo ya mama yake inacheza na hakuweza kujua kama ni dua.

"Simai," alisema bila kuuachia mkono. "Mashine ina vidole?"

"Haina, mama."

"Basi niletee chungu kikubwa."

Alimpika kwa nazi, mwenyewe, hakutaka kusaidiwa hata kukuna. Mchuzi ulipoiva akapakua kwenye visahani tisa, akaviweka kwenye sinia, na Mwanakheri akainyosha mikono aichukue. Bi Tabia akamzuia.

"Anapeleka kaka mtu," alisema. "Na kila mlango atasema ni wa nani."

Simai alikuwa na miaka hamsini, na mvi, na wajukuu wawili. Alisimama akaitazama ile sinia, akamtazama mama yake, akaona hapana njia. Akaipokea, akatoka. Uani waliobaki walitega masikio. Wakamsikia anabisha hodi nyumba ya kwanza, na sauti yake ya chini, ya haya:

"Bi Mashavu, samaki huyu. Wa kwanza wa Mjaka, mwana wa Tabia."

Nyumba ya pili alisema kwa sauti ya kawaida. Ya tatu ilimtoka kubwa kidogo. Ilipofika ya tano alikuwa ameshaanza kueleza, samaki alivyokimbia mara nne, nduguye alivyomfuata mpaka mapajani na mguu ule mmoja, na watu wakasikika wakiuliza na kushangaa. Bi Tabia alikuwa amekaa kwenye kibao, mkono wa Mjaka umelala katika bakuli la maji ya chumvi mapajani mwake, kichwa amekiinamisha upande wa ukuta asipotewe na neno. Nyumba ya tisa ilikuwa mwisho wa kijiji, karibu na bandari, na hata kutoka huko walimsikia Simai wazi wazi, akinadi.